Uzi maalumu: Kwenda kushuhudia kwa macho roketi ya kampuni binafsi ikirushwa

MtazamaAnga (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nimeona mara nyingi watu wakiuliza ni wapi pa kusimama ili kuiona roketi ikirushwa kule Marekani, na karibu majibu yote wanayopewa ni majina ya fukwe na madaraja. Kwa maoni yangu swali hilo linaanzia mwisho. Anayetaka kushuhudia roketi ya kampuni binafsi aulize kwanza ni safari ipi inayorushwa, inaelekea wapi na itaondoka wakati gani wa siku, kwa sababu hayo ndiyo yanayoamua ataona nini, kiasi kwamba watu wawili waliosimama mahali pamoja kwa wiki mbili tofauti wanaweza kurudi na simulizi zisizofanana hata kidogo.

Kampuni hairushi roketi kwa ajili ya watazamaji. Inarusha kwa sababu kuna mteja anayetaka setilaiti yake ifikishwe kwenye obiti fulani, yaani njia ya kuizunguka dunia, na saa ya kuondoka hutokana na obiti hiyo pamoja na hali ya hewa, wala haijali urahisi wa mtu aliyefunga safari kuja kutazama. Roketi inayopeleka watu au mizigo kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga hulazimika kuondoka katika sekunde ambayo dunia, kwa kuzunguka kwake, imelileta jukwaa la kurushia chini ya njia ya kituo hicho. Ikishindikana, hakuna kungoja nusu saa. Watu hutawanyika hadi siku nyingine. Falcon 9, roketi ya kampuni ya SpaceX, inapobeba setilaiti za intaneti za Starlink, kwa upande wake, kwa kawaida hupewa nafasi ya saa kadhaa, na ndiyo sababu unaweza kuona muda ukisogezwa mbele mara mbili au tatu usiku mmoja na bado ikaruka.

Kuna sababu nyingine ya kiufundi ambayo mtazamaji anafaa kuijua kabla hajakasirika. Falcon 9 hutumia mafuta ya taa yaliyosafishwa sana pamoja na oksijeni ya kimiminika iliyopozwa zaidi ya kawaida ili iwe nzito na ienee kwa wingi ndani ya tangi. Ujazaji huanza takriban dakika 35 kabla ya kuruka, na oksijeni hiyo ikikaa muda mrefu hupata joto na faida yake hupotea. Kwa hiyo hesabu ya kurudi nyuma kuelekea kuondoka ikisimamishwa katika dakika za mwisho, haiwezi kuendelea kutoka palepale iliposimama. Aidha wanaanza upya kama muda unaruhusu, aidha wanaahirisha. Tarehe 27 Mei 2020, Bob Behnken na Doug Hurley walikuwa wamekwisha kufungwa mikanda ndani ya chombo cha Crew Dragon, wakiwa wanaanga wa kwanza kupelekwa kwenye obiti na chombo cha kampuni binafsi, na rais wa nchi alikuwa amefika kutazama, lakini zikiwa zimesalia chini ya dakika 17 safari ikaahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa. Waliondoka tarehe 30 Mei. Ikiwa rais alirudi bila kuona kitu, sisi wengine tujiandae hivyohivyo.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza ni kwamba mtu asipange kuondoka siku inayofuata ile ya kurusha. Aweke siku za akiba, na ikiwezekana achague kipindi ambacho kuna safari zaidi ya moja kwenye ratiba. Hilo siku hizi si gumu, kwani mwaka 2024 pekee roketi za jamii ya Falcon ziliruka zaidi ya mara 130, nyingi kati ya hizo zikitokea Florida.

Kanuni ya pili ni kuangalia kama sehemu ya kwanza ya roketi, yaani ile ya chini inayoiinua kutoka jukwaani, itarudi nchi kavu. Safari nyingi za Starlink huishia kwa sehemu hiyo kutua kwenye tishari lisilo na mabaharia, mamia ya kilomita baharini, ambako mtazamaji wa pwani haoni chochote. Mzigo ukiwa mwepesi kiasi, roketi hubaki na mafuta ya kutosha kugeuka na kurudi ilikotoka, na hapo utapata mambo mawili katika safari moja. Falcon 9 ilifanya hivyo kwa mara ya kwanza usiku wa tarehe 21 Desemba 2015, baada ya kupeleka setilaiti 11 za kampuni ya mawasiliano ya Orbcomm, na tangu wakati huo sijaona sababu ya mtu kutoka mbali kwa ajili ya kuondoka peke yake ikiwa anaweza kungoja safari yenye kurudi. Maelezo hayo hutolewa na kampuni yenyewe siku chache kabla, nayo yanapaswa kusomwa kabla ya kukata tiketi ya ndege.

Kanuni ya tatu ni wakati wa siku. Mchana utaiona roketi yenyewe vizuri, mwili wake mweupe na moshi wake. Usiku utaona mwanga tu, ila mwanga huo hung'arisha maji na mawingu yote kana kwamba jua limechomoza upande usio wake. Walakini wakati bora kuliko zote ni kabla kidogo ya jua kuchomoza au baada kidogo ya kuzama, wakati wewe uko gizani lakini roketi, ikishapanda makumi ya kilomita, inaingia kwenye miale ya jua ambayo bado haijakufikia. Moshi unaotanuka katika hewa nyembamba ya juu hupata mwanga huo na kuenea angani kwa ukubwa usiotarajiwa. Safari ya wanaanga ya tarehe 23 Aprili 2021, iliyoondoka saa kumi na moja na dakika 49 alfajiri kwa saa za Florida, ilikuwa ya namna hiyo.

Mahali pa kusimama napataja mwisho makusudi. Mji wa Titusville uko ng'ambo ya maji, takriban kilomita 20 kutoka jukwaa la 39A la kituo cha anga cha Kennedy, na ufukwe wake wa mtoni ni wa wazi kwa kila mtu. Ufukwe wa Playalinda uko karibu zaidi na jukwaa hilo, lakini umo ndani ya hifadhi yenye saa zake za kufungua na kufunga, kwa hiyo usiku haukufai. Jetty Park, kwenye bandari ya Canaveral, panafaa kwa roketi zinazotoka upande wa kusini wa rasi. Kituo cha wageni cha Kennedy nacho huuza tiketi za maeneo ya karibu kwa baadhi ya safari, na humo unapata pia maelezo ya kipaza sauti.

Karibuni tuchangie.


Nanga_ya_Pwani

Nakushukuru kwa maelezo, ndugu, ila naomba kuuliza swali ambalo huenda likaonekana la kuvunja moyo. Matangazo ya moja kwa moja ya kampuni hizi yana kamera zilizofungwa kwenye roketi yenyewe, yanaonyesha kasi na kimo kila sekunde, na yanaonyesha sehemu ya kwanza ikitua juu ya tishari ambalo wewe mwenyewe umekiri kwamba mtazamaji wa ufukweni hawezi kuliona. Mtu aliyeketi sebuleni anaona zaidi kuliko wewe uliyesimama kilomita 20. Sasa gharama na uchovu wote huo ni wa nini?


MtazamaAnga

Ndugu Nanga, hoja yako ni ya kweli na siwezi kuikataa kwa upande wa kuona. Anayetaka kuielewa safari nzima atazame kwenye skrini. Lakini kuna vitu viwili ambavyo skrini haivibebi. Cha kwanza ni ukali wa mwanga: moto wa injini za mafuta ya taa unang'aa kiasi kwamba kamera hulazimika kuupunguza ili picha isiungue, na kwenye televisheni unakuwa weupe wa kawaida tu, ilhali machoni ni mwanga ambao unataka kuukwepa na hutaki kuukwepa. Cha pili ni sauti, na hapo namwachia mwenye ujuzi kuliko mimi.


Fundi_Mitambo

Niingie hapo hapo. Sauti husafiri kwa takriban mita 340 kwa sekunde, yaani karibu sekunde tatu kwa kila kilomita. Ukiwa kilomita 20 kutoka jukwaani, utaiona roketi ikiwaka na kuinuka katika ukimya kamili kwa muda wa dakika nzima, na pale sauti ya kuwaka inapokufikia, roketi yenyewe imekwisha kupanda kilomita kadhaa. Wengi ambao hawajaambiwa jambo hili hudhani sauti ni ndogo, huanza kuzungumza, kisha hushtushwa.

Sauti yenyewe ina tabaka mbili. Ya chini kabisa ni ngurumo yenye mawimbi marefu, ambayo spika za simu na televisheni haziwezi kuitoa kwa sababu spika ndogo haisukumi hewa ya kutosha kwa mawimbi hayo. Hiyo husikika kifuani na kwenye vioo vya magari. Ya juu yake ni mipasuko ya haraka haraka, kama shuka kuukuu linalochanwa mfululizo. Mipasuko hiyo hutokana na gesi kutoka kwenye injini kwa kasi kubwa kuliko ya sauti, hivyo kwamba shinikizo la hewa hupanda ghafla badala ya kupanda polepole, na vinasa sauti vya kawaida hukata vilele vyake. Ndiyo maana rekodi karibu zote huwa na mlio wa kukwaruza badala ya mipasuko.

Niongeze kwamba lile wingu jeupe kubwa linalofumka chini wakati wa kuondoka kwa sehemu kubwa ni mvuke. Maji mengi humwagwa jukwaani wakati huo ili kumeza nguvu ya sauti, kwa kuwa bila maji hayo mawimbi ya sauti yangegonga sakafu na kurudi juu, na yangeweza kuharibu roketi na mzigo wake.

Kuhusu kutua, wanaokwenda kwa mara ya kwanza hukosea mpangilio. Sehemu ya kwanza hurudi takriban dakika nane baada ya kuondoka, ikiwa inashuka kwa kasi kuliko sauti yake yenyewe. Kwa hiyo kutoka mbali utaiona ikiwasha injini, ikipunguza mwendo na kutua bila mlio wowote, ndipo ifike mishindo miwili au mitatu inayofuatana upesi, na baada ya hiyo ngurumo ya injini uliyokwisha kuiona ikizimwa. Tarehe 6 Februari 2018, Falcon Heavy, ndugu mkubwa wa Falcon 9, ilipoondoka kwa mara ya kwanza ikiwa na injini 27, sehemu zake mbili za pembeni zilirudi na kutua karibu kwa wakati mmoja, na mishindo ikaja kwa jozi. Kwa mtu wa sauti kama mimi, hiyo ndiyo safari ya kuifuatilia.


Mama_Zuhura

Ndugu Fundi, ahsante sana kwa ufafanuzi huo. Naomba niulize kuhusu usalama. Nina mtoto wa miaka sita anayependa mambo haya kupita kiasi. Je, roketi ikilipuka watu waliosimama ufukweni wako katika hatari gani? Na masikio yake je?


Fundi_Mitambo

Mama Zuhura, swali lako ni la msingi. Kurusha roketi ya kibiashara Marekani huhitaji leseni ya mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, na sehemu ya leseni hiyo ni hesabu ya mahali vipande vinaweza kuangukia iwapo roketi itaharibika katika kila sekunde ya safari. Maeneo ya bahari, anga na barabara yaliyo ndani ya hesabu hiyo hufungwa, na roketi ikitoka nje ya njia yake huangamizwa yenyewe kabla haijavuka mpaka uliowekwa. Watazamaji wa maeneo ya wazi husimama nje ya mpaka huo.

Mfano halisi upo. Tarehe 28 Oktoba 2014, roketi ya Antares ya kampuni ya Orbital Sciences iliondoka kutoka Wallops, Virginia, ikiwa na mizigo ya Kituo cha Kimataifa cha Anga, na sekunde kama 15 baadaye ikapoteza nguvu, ikarudi chini na kulipuka kando ya jukwaa lake. Uharibifu ulikuwa mkubwa, lakini hakuna aliyeumia. Jambo la kuzingatia ni kwamba siku moja kabla, safari hiyohiyo ilikuwa imeahirishwa kwa sababu ya mashua iliyokuwa ndani ya eneo lililofungwa. Watu walilalamika sana kuhusu mashua hiyo, nami ninaelewa, lakini mlipuko wa kesho yake unaonyesha kwa nini masharti hayo hayalegezwi.

Kwa mtoto wa miaka sita, katika umbali wa kilomita 20 sauti ya Falcon 9 haiumizi masikio, ila mishindo ya kutua humshtua mtu yeyote ambaye hakuonywa. Mvalishe vifunika masikio, si kwa ajili ya kuumia bali ili asiogope. Umwambie pia mapema kwamba huenda isiruke, kwa sababu machozi ya kuahirishwa ni makubwa kuliko ya mshindo.


Jabali_la_Kusini

Wakuu, naona mnazungumza kana kwamba Florida ndiyo mwanzo na mwisho. Kwa heshima zote, mtu anayetaka kuona kitu ambacho hakijapata kuonekana katika historia ya mwanadamu aende Texas, akasimame kisiwani South Padre aitazame Starship, roketi kubwa mpya ya SpaceX. Chombo hicho kina urefu wa zaidi ya mita 120, sehemu yake ya kwanza ina injini 33, na msukumo wake unakaribia mara mbili ya ule wa Saturn V iliyowapeleka watu mwezini. Bustani ya Isla Blanca, kwenye ncha ya kusini ya kisiwa hicho, iko takriban kilomita nane tu kutoka jukwaani, na katikati ni maji na ardhi tambarare, hakuna kinachozuia macho.

Siku ya tarehe 13 Oktoba 2024, waliokuwa pale waliiona sehemu ya kwanza ikirudi takriban dakika saba baada ya kuondoka na kudakwa hewani na mikono ya mnara uleule ilikotoka. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla. Nawaulizeni, Falcon 9 ya Starlink ya usiku wa Jumanne inaweza kulinganishwa na hilo?


MtazamaAnga

Ndugu Jabali, kwa ukubwa hailinganishwi, na sitabishana nawe juu ya siku hiyo. Ninachosema ni kwamba Starship bado ni chombo cha majaribio, na mtazamaji wa jaribio anapaswa kujua kuwa mpango unaweza kubadilika hata wakati chombo kiko angani. Safari ya kwanza ilipangwa tarehe 17 Aprili 2023, ikaahirishwa kwa sababu ya vali iliyoganda, ikaruka tarehe 20 na kuharibika takriban dakika nne baada ya kuondoka. Nguvu ya injini zake ilibomoa zege la chini ya jukwaa, na vumbi na mchanga vikafika hadi mji wa Port Isabel. Na safari iliyofuata ile unayoisifu, ya tarehe 19 Novemba 2024, mnara haukudaka chochote. Sehemu ya kwanza ilielekezwa baharini, na waliofunga safari kwa ajili ya mikono ya mnara wakaiona ikishuka majini.

Hilo halikuwa bure, kwa kuwa kushuka kwenyewe kulionekana vizuri kutoka pwani. Lakini mtu mwenye nafasi ya safari moja tu maishani, na mwenye mtoto wa miaka sita, nitamshauri aende Florida, ambako akikosa ya leo huenda kuna nyingine wiki hiyohiyo, kuliko Texas, ambako akikosa anaweza kungoja miezi.


Jabali_la_Kusini

Hapo nimekuelewa, mkuu, ingawa sikubali kwamba uhakika ndio kipimo cha kila kitu. Anayekwenda kutazama jaribio anakwenda kutazama watu wakijifunza, na hata kushindwa kwake kuna cha kuona.

Kwa wanaoamua kwenda huko, nitoe ushauri mmoja wa vitendo. Msitegemee uvumi wa mitandao kuhusu tarehe. Fuateni matangazo ya kufungwa kwa barabara namba 4 iendayo jukwaani na ufukwe wa Boca Chica yanayotolewa na mamlaka za eneo hilo, matangazo kwa mabaharia, na matangazo ya kufungwa kwa anga kwa marubani. Yote ni ya wazi kwa umma. Barabara isipofungwa, hakuna safari, hata mtu mashuhuri akiandika nini.


Mkongwe_wa_Jangwani

Vijana, mmeruka sura ya kwanza. Uzi unaohusu kutazama vyombo vya anga vya kampuni binafsi hauwezi kuanza bila jangwa la Mojave, California, mwaka 2004, wakati ambapo wengi waliamini kwamba anga ni shughuli ya serikali peke yake.

Asubuhi ya tarehe 21 Juni mwaka huo, maelfu ya watu walikusanyika kando ya njia ya kurukia ya uwanja mdogo wa ndege, wengine wakiwa wamelala kwenye magari yao. Chombo kilichoitwa SpaceShipOne kilibuniwa na Burt Rutan kwa fedha za Paul Allen, na hakikuondoka kwa moto kutoka jukwaani. Kilibebwa chini ya tumbo la ndege iitwayo White Knight, ambayo ilizunguka ikipanda kwa takriban saa moja hadi kimo cha kilomita 14 hivi. Kwa mtazamaji, hiyo ilikuwa saa ya kukaza macho kwenye nukta angani huku shingo zikiuma. Kisha chombo kikaachiwa, injini yake iliyounguza mpira kwa gesi ya naitrasi oksaidi ikawashwa, na mstari mweupe ukachorwa kwenda juu karibu wima kwa muda wa sekunde 76. Rubani Mike Melvill, mzaliwa wa Afrika Kusini, alivuka kilomita 100 kwa tofauti ndogo sana, akawa mtu wa kwanza kufika huko kwa chombo kisicho cha serikali.

Uzuri wa Mojave ambao Florida haiwezi kuwapa ni kwamba kila kitu kilirudi mahali palepale. Chombo kiliteleza hewani bila injini, kikatua kwenye njia ileile kilikoondokea, na rubani akatoka mbele ya watazamaji. Mmoja wao alikuwa na bango lililosema kwamba chombo hiki kimepata moja na serikali sifuri, na Melvill akalinyanyua akiwa amesimama juu ya chombo chake.

Baadaye zikaja safari mbili za kuwania zawadi ya Ansari X ya dola milioni 10, ambayo masharti yake yalikuwa chombo kimoja kifike kilomita 100 mara mbili ndani ya wiki mbili, kikiwa na uwezo wa kubeba watu watatu. Ile ya tarehe 29 Septemba iliwatia watu hofu, kwani wakati wa kupanda chombo kilianza kujizungusha kama pia, na mtu wa chini aliweza kuuona mstari wa moshi ukijisokota. Melvill alikitawala na kukirudisha. Ya tarehe 4 Oktoba, ikiendeshwa na Brian Binnie, ilifika takriban kilomita 112 na kuvunja rekodi ya kimo ya X-15, ndege ya roketi ya serikali ya Marekani, iliyowekwa mwaka 1963.

Sisemi kwamba enzi hizo zilikuwa bora. Roketi za leo zinapeleka tani nyingi kwenye obiti, ilhali chombo kile kilipanda na kushuka tu. Lakini kama mtazamaji, ukaribu ule na watu waliojenga chombo sijauona tena.


MtazamaAnga

Mzee wetu, shikamoo, na ahsante kwa kutukumbusha. Nakubali kwamba nilianza katikati.


Nanga_ya_Pwani

Uzi huu umeanza kunibadilisha mawazo, sitaficha. Maswali mawili ya mwisho kwa upande wangu. Kwanza, je, inafaa kubeba kamera? Pili, nikiwa pale ufukweni nitajuaje hesabu imefika wapi?


MtazamaAnga

La pili nalijibu kwanza. Matangazo ya mtandaoni huchelewa, wakati mwingine kwa nusu dakika au zaidi, na mahali penye watu wengi mtandao wa simu huzidiwa kabisa. Ukikodolea macho simu, utashangaa watu wakipiga kelele wakati simu yako bado inahesabu. Weka saa yako sawasawa kabla ya kufika, jua saa ya kuondoka kwa sekunde, na dakika moja kabla yake weka simu mfukoni na uangalie upande wa jukwaa. Injini za Falcon 9 huwashwa takriban sekunde tatu kabla ya kuinuka, kwa hiyo mwanga utakuja kabla ya sifuri.

Kuhusu kamera, kwa mara ya kwanza nakushauri usiishike mkononi. Ukitaka picha, iweke juu ya miguu mitatu. Usiku unaweza kufungua lenzi kwa dakika mbili au tatu ili njia nzima ya roketi ijichore kama upinde wa mwanga. Baada ya kuibonyeza hakuna kazi nyingine. Darubini ndogo ya macho mawili ni bora kuliko kamera, hasa baada ya dakika mbili na nusu, pale sehemu mbili za roketi zinapoachana na kila moja kuwasha injini zake, jambo ambalo kwa macho matupu huonekana kama nukta mbili tu. Ila usiielekeze kabisa upande wa jua wakati wa mchana.


Mama_Zuhura

Na ikiwa mvua hainyeshi na anga linaonekana safi, kwa nini bado wanaahirisha kwa sababu ya hali ya hewa? Nimesoma habari za namna hiyo mara nyingi na sikuelewa.


Fundi_Mitambo

Mama Zuhura, tatizo kubwa la Florida ni umeme wa mawingu, na wingu la hatari si lazima liwe juu ya kichwa chako. Roketi pamoja na moshi wake ni kipitishi kirefu cha umeme, kwa hiyo inaweza kuamsha radi kwenye wingu ambalo lingetulia kama isingepita. Apollo 12, iliyokuwa ikiwapeleka watu mwezini, ilipigwa mara mbili ndani ya dakika ya kwanza ya safari yake mnamo Novemba 1969 na ikanusurika. Roketi ya Atlas-Centaur ya Machi 1987 haikunusurika. Kutokana na matukio hayo kuna masharti marefu kuhusu aina za mawingu na umbali wa radi, na radi ikipiga ndani ya kilomita 18 hivi kutoka kwenye njia ya roketi, muda fulani lazima upite kabla ya kurusha.

Pamoja na hayo kuna upepo wa juu, ambao chini hauusikii hata kidogo, lakini unaweza kuikunja roketi nyembamba yenye urefu wa mita 70. Na kwa kampuni inayotaka kuirudisha sehemu ya kwanza, hali ya bahari pale lilipo tishari nayo huhesabiwa, hata ikiwa jukwaani kuna jua kali. Tarehe 30 Januari 2022 hali ya hewa ilikuwa nzuri kabisa, na bado safari ikaahirishwa hadi kesho yake kwa sababu meli kubwa ya watalii iliingia katika eneo lililofungwa. Abiria wa meli hiyo wenyewe, nadhani, walikuwa wamejipanga sitahani kutazama.


Mwanafunzi_wa_Anga

Naomba kuongeza machache kwa walio upande wa magharibi. Falcon 9 huruka pia kutoka Vandenberg, California, kuelekea kusini, na mji wa karibu ni Lompoc. Adui wa huko ni ukungu wa pwani. Unaweza kuisikia roketi nzima bila kuiona hata kidogo. Wenyeji hupanda kwenye vilima vya ndani ili wawe juu ya ukungu, wakikubali kuwa mbali zaidi. Faida yake ni kwamba safari za baada ya machweo huonekana hadi Los Angeles na kwingineko, kwa sababu njia ya roketi inafuata pwani.

Anayependa rangi za moto asisahau New Glenn, roketi ya kampuni ya Blue Origin, iliyoruka kwa mara ya kwanza usiku wa tarehe 16 Januari 2025 kutoka Cape Canaveral. Injini zake saba hutumia methani, ambayo moto wake ni wa samawati, tofauti na ule wa manjano mkali wa mafuta ya taa.


MtazamaAnga

Ahsante, Mwanafunzi. Kwa New Glenn ningependekeza Jetty Park au fukwe za Cape Canaveral na Cocoa Beach badala ya Titusville, kwa kuwa jukwaa lake, la 36, liko kusini zaidi ya lile la 39A. Fika saa kadhaa mapema, uwe na maji, dawa ya mbu na taa ndogo ya mkononi, na baada ya roketi kutoweka usikimbilie gari, kwani kila mtu atakuwa amekimbilia la kwake na barabara za kutoka ni chache. Keti hapo hapo hadi msongamano upungue. Ukibahatika na safari yenye kurudi, dakika nane za kwanza za kungoja zitakuwa na kazi yake.